Studio ya kukodi Kisumu: waifai nyota mbili, Ijumaa nyota tano

Watu wameniuliza sana huko inboksi kama ile studio ya kukodi iko juu ya maduka upande wa Kibuye inafaa timu ya katuni, wacha niandike hapa mara moja. Inafaa, lakini si juu ya vifaa. Vifaa ni vya kawaida tu, meza ziko sawa, soketi za kutosha, kuna betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea, ila waifai ikifika saa nane mchana inatambaa, na hiyo paa ya mabati, aki jua la Kisumu likishika hapo feni inakupulizia moto tu. Chai yao ni bei ya hoteli kubwa, sisi tulikuwa tunashuka chini kwa mama wa mandazi.

Pesa yako inaenda kwa Ijumaa. Kila Ijumaa jioni Madam mwenye studio anazima taa, projekta inaangaliza ukuta, na kila timu inaonyesha ile kazi imefanya hiyo wiki, hata kama haijaisha, hata kama ni mistari ya penseli. Ukijitetea ati huna kitu cha maana anakwambia weka hiyo mbaya basi.

Sasa kama hujawahi fanya katuni utashangaa hiyo inasaidia nini. Sekunde moja ni fremu 24, yaani picha 24 zinafuatana, na hata mchoro mmoja ukiushikilia fremu mbili bado unachora 12 kwa sekunde, dakika moja imekula michoro 720. Mtu anakaa kwa meza wiki nzima, mgongo unamuuma, anatoka na sekunde kadhaa. Mwanzoni kila mtu ana moto, mwishoni pia watu hukimbia juu dedilaini iko mlangoni, shida ni pale katikati, utamu umeisha na mwisho hauonekani, hapo ndio utasikia huyu ako na malaria, huyu simu haishiki, yule ameanza kufanya logo za watu chini ya meza.

Kijana mmoja wetu alikuwa amechora mzee mvuvi anavuta nyavu pale Dunga. Kipande kifupi sana. Kikaisha, ukumbi kimya, Madam akasema rudisha. Kikarudishwa. Akasema rudisha tena, akasimama akaenda mpaka kwa ukuta akaweka kidole kwa bega la mzee, "Hapa bega limeshuka kabla mkono haujavuta. Hiyo nyavu ni nzito, nimeamini." Akarudi akakaa. Hakuna makofi, hakuna "kazi safi." Wiki iliyofuata kijana alikuja amechora upya mawimbi yote ya hicho kipande na hakuna mtu alikuwa amemwambia.

Mabosi wengi wa hizi projekti kazi yao ni kurusha emoji ya moto kwa grupu ya WhatsApp na "hongereni timu", na msanii akishaona hiyo mara kadhaa anajua vizuri hata faili hujafungua. Huyu Madam husifu kitu unaweza kunyooshea kidole. Na makosa hasemi mbele ya watu, Jumatatu atapita kwa meza yako polepole na kikombe chake mkononi.

Ako na stori moja ya kila timu mpya, ya filamu ya Latvia iliyotengenezwa na Blender, hiyo hiyo programu ya bure tunatumia sisi, ilichukua zaidi ya miaka mitano na 2025 ikabeba Oscar. Ni ya kweli, lakini mimi nimeisikia mpaka nimechoka.

Ijumaa nazo zina shida zake. Kuna timu za matangazo zikishika nafasi haziachi, mnafika nyumbani usiku na boda ishapandisha bei. Wadudu wa ziwa wakiwa wengi wanafuata mwanga wa projekta wanatua kwa ukuta, mzee wetu mvuvi siku moja alikuwa kama mtu ana surua. Halafu tusidanganyane, kusifiwa hakulipi rent. Mchoraji wetu mmoja alipata kazi ya mshahara kwa duka la kuchapisha mabango akaenda, na Madam hakumbembeleza abaki, alimwekea kazi zake zote kwa ukuta ile Ijumaa yake ya mwisho, tukaangalia, akatuaga. Kama unalipa watu wako kwa kuchelewa usitegemee studio ikushikie timu.

Ukiwa na kazi ya wiki moja tu usijisumbue, tafuta mahali kuna AC. Ya miezi mingi nenda, omba zile meza za dirishani upande hauna jua la jioni, deposit ni ya mwezi mmoja, na risiti usipoitisha hawakupi.