Paa la gari la kulala linavuja: ununue kipi cha kuzibia?

Masika yaliyopita niliamka saa tisa usiku godoro limelowa upande wa miguu. Gari langu ni Land Cruiser lenye chumba cha kulala nyuma na paa la faibaglasi. Nilipochoma plaiwudi ya dari kwa bisibisi, ilizama kama kwenye keki. Maji yalidondokea miguuni, lakini yaliingilia mbele kabisa, kwenye skrubu za keria, yakatambaa na mbao. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, panda juu ukague kila skrubu.

Nafasi ya kwanza naipa tepu ya butili. Ni laini na inanata kama bazoka iliyotafunwa. Unailaza chini ya keria au fremu ya dirisha, unakaza skrubu hadi itokeze pembeni, kisha unakata iliyozidi. Haiwi ngumu, kwa hiyo inastahimili mtikisiko wa barabara mbovu, na siku ukitaka kufungua, panafunguka. Ila lazima ung'oe kifaa chenyewe kwanza. Ukiipachika juu juu, umepoteza hela.

Ya pili ni gundi ya poliyurethani, mfano Sikaflex-221. Inashika vizuri na inavutika. Ipake rangi juu, maana jua kali huipasua. Hukauka kwa unyevu wa hewa, kama milimita 3 au 4 kwa siku, basi usiitie gari mvuani jioni hiyo hiyo.

Ya tatu, tepu pana yenye mgongo wa alumini. Weka moja garini kwa dharura ya safarini.

Silikoni ya bafuni naiweka mkiani, ingawa ndiyo inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Ile yenye harufu ya siki inakula chuma. Kibaya zaidi, ikishapakwa, rangi haishiki juu yake, wala gundi nyingine. Aliyenitangulia na gari hili aliimwaga kila mahali. Nilikwangua siku mbili nzima kwa wembe na spiriti. Na kama paa lako ni la mpira, lami usiiguse kabisa: mafuta yake huvimbisha mpira.

Chochote utakachonunua, usizibe mbao zikiwa mbichi, zitaendelea kuoza ndani kwa ndani. Dari langu nililiacha wazi wiki nzima, milango imefunguliwa mchana kutwa, ndipo nikafunga plaiwudi mpya.