Uzoefu wangu na boksi la Mahler: anza na nyimbo, simfoni zitakuja zenyewe

Boksi lenyewe ni la karatasi ngumu, zito kama Biblia ya madhabahuni. Ndani mna CD 16: simfoni zote, yaani zile tungo ndefu za okestra, za mtunzi wa Austria Gustav Mahler na karibu nyimbo zake zote. Dada yangu, ambaye ni muuguzi Leipzig, alilipata kwenye duka la vitu vilivyotumika kwa euro 30, akalibeba kwenye sanduku katikati ya nguo za watoto mpaka Dar es Salaam. Kijitabu cha maneno ya nyimbo hakikuwemo, na hilo limenigharimu, nitalieleza. Nimekaa nalo miezi minane. Ninaandika kwa ajili ya yule anayetaka kumsikiliza Mahler na hajui aanzie wapi, kwa sababu mwezi wangu wa kwanza ulipotea bure.

Mimi ni mtu wa kwaya, kwa hiyo niliona nianze na Simfoni ya Nane, ile yenye waimbaji wengi kuliko zote. Ilipopigwa mara ya kwanza, München, tarehe 12 Septemba 1910, waimbaji na wapigaji walipita 1,000, na Mahler mwenyewe ndiye aliyeongoza. Kwenye spika zangu ndogo watu wote hao waligeuka kishindo kimoja. Nikahamia ya Sita, kisha ya Saba. Nilikuwa nasikia vitu vizuri vikipita, ila sikujua vimetoka wapi wala vinakwenda wapi. Boksi likapanda juu ya kabati.

Dada alipopiga simu akaniuliza, "Nyimbo umesikiliza?" Sikuwa nimezigusa. Nilidhani ni vijazo tu vya kumalizia nafasi kwenye CD.

Nikaishusha CD ya *Lieder eines fahrenden Gesellen*, Nyimbo za Fundi Msafiri. Ni nyimbo nne tu, hazifiki dakika 20. Mahler alizianza mwishoni mwa 1884, akiwa na miaka 24, anaongoza muziki kwenye jumba la maonyesho la Kassel na amempenda mwimbaji Johanna Richter bila kufanikiwa. Maneno mengi aliyaandika mwenyewe. Kijana amempoteza mpenzi wake, huyo binti anaolewa na mtu mwingine, naye anashika njia. Katika wimbo wa pili anatembea shambani asubuhi, umande bado uko kwenye majani, ndege anamwamkia na kumuuliza kama dunia si nzuri. Muziki unaruka kama mtoto aliyetumwa dukani na kuahidiwa chenji. Mwishoni kijana anajiuliza, je, sasa na furaha yangu mimi itaanza? Anajijibu hapana, na wimbo unazimika taratibu.

Usiku huohuo niliweka Simfoni ya Kwanza. Inaanza na noti moja tu, nyuzi zimeishika juu kabisa na chini kabisa, kama ukungu usioonekana mwisho wake. Ndege mmoja kwenye klarineti, tarumbeta kwa mbali, halafu selo zikaingia na ule wimbo wa shambani! Uleule, noti kwa noti, bila mwimbaji. Nilisimama. Safari hii nilijua ni nani anayetembea, nilijua umande, nilijua na lile jibu la hapana ambalo okestra hailitamki lakini mimi nilikuwa nimeshalisikia. Tangu usiku ule sijasikiliza simfoni yake yoyote bila kuuliza kwanza: wimbo wake uko wapi?

Sehemu ya tatu ya simfoni hiyo ndiyo iliyonimaliza. Ni maandamano ya mazishi. Ngoma inapiga taratibu, fidla besi moja peke yake inaanza wimbo wa watoto ambao Wafaransa wanauita *Frère Jacques*, ila umegeuzwa kuwa wa huzuni, na vyombo vinaupokea kimoja kimoja. Nimekulia Machame. Baba yangu anapuliza tromboni kwenye kikundi cha matarumbeta cha usharika, na mazishi yangu ya kwanza niliyasikia kabla sijayaona, yanakuja kwa mbali kwenye migomba, sauti za shaba zikipanda na kushuka kufuatana na njia. Mahler alikulia Iglau, mji wenye kambi ya wanajeshi, bendi za barabarani zikapita masikioni mwake tangu utotoni. Inasikika. Huwezi kuandika maandamano yale kwa kuyasoma tu. Na katikati yake, kelele zote zinapoondoka, vinakuja vinubi na nyuzi laini: ni mwisho wa wimbo wa nne wa Fundi Msafiri, pale kijana anapolala chini ya mti unaomwangushia maua na kupata usingizi kwa mara ya kwanza. Waliosikia simfoni hii Budapest mwaka 1889 wengi hawakuielewa. Mimi nadhani hawakupewa zile nyimbo nne kwanza.

Kuna jambo linanigusa kila nikilitazama hili boksi. Mahler alifanya kazi Leipzig kuanzia 1886 hadi 1888, na sehemu kubwa ya Simfoni ya Kwanza aliiandikia hukohuko. Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro, na upulizaji wa tenzi kwa vyombo vya shaba ukaja kwetu kwa njia hiyo ya Kilutheri ya Kijerumani. Sisemi ni muziki mmoja. Ila nikisikia tromboni zake zikiingia kwa pamoja, polepole, najua pumzi ile inavutwa vipi.

Baada ya hapo nilikwenda kwa mpangilio huu, na ninaupendekeza. Nyimbo za *Des Knaben Wunderhorn* kwanza, mashairi ya kienyeji ya Kijerumani aliyoyatilia muziki, waimbaji wakiwa Elisabeth Schwarzkopf na Dietrich Fischer-Dieskau, mwongozaji George Szell. Mtafute Mtakatifu Antonio anayewahubiria samaki. Samaki wanasikiliza kwa makini, mahubiri yanawapendeza, kisha kila mmoja anarudi kuwa vilevile alivyokuwa. Muziki wake unazunguka kama maji kwenye birika. Halafu weka Simfoni ya Pili, sehemu ya tatu, uone maji hayohayo yamekuwa mto. Kwa Simfoni ya Nne fanya kinyume, sikiliza sehemu ya mwisho kwanza. Ni wimbo wa mtoto anayesimulia mbinguni: malaika wanaoka mikate, Mtakatifu Petro anakimbilia samaki na wavu wake, Martha ndiye mpishi. Mahler aliutunga mwaka 1892, na simfoni yenyewe akaijenga kuelekea kwenye wimbo huo miaka saba, minane baadaye. Ukishaujua mwisho, zile njuga za mwanzo kabisa zinakuchekea.

Sehemu ya Simfoni ya Tano iitwayo Adagietto, ya nyuzi na kinubi tu, wengi wameshaisikia. Kabla ya kuirudia, sikiliza wimbo *Ich bin der Welt abhanden gekommen*, "Nimepotea, dunia haina habari nami," Janet Baker akiimba na John Barbirolli akiongoza. Wimbo ni wa 1901, na simfoni ilianzwa mwaka huohuo. Ni mapacha. Na usikubali Adagietto inayoburuzwa kama msiba: Willem Mengelberg, aliyefanya kazi na Mahler mwenyewe, alisema ni barua ya mapenzi kwa Alma, aliyekuja kuwa mke wa Mahler, na alipoirekodi mwaka 1926 alitumia kama dakika saba tu.

Sasa *Kindertotenlieder*, Nyimbo za Watoto Waliokufa. Niliziogopa kwa sababu ya jina. Mama alikuwa amekuja Dar kwa ajili ya kliniki, amekaa sebuleni anachambua mchele, nami nikaweka CD nikidhani hatajali. Baker tena, na Barbirolli. Inaanza obo na honi, zimeachana kama watu wawili wasiotaka kutazamana, na kila baada ya muda kengele ndogo inalia. Mama akauliza anaimba nini huyo. Hapo ndipo nilipokikosa kile kijitabu. Ilibidi nitafute maneno kwenye simu na kumtafsiria polepole: sasa jua linataka kuchomoza na mwanga wake wote, kana kwamba usiku hapakutokea msiba.

Mama aliacha mchele. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume aliyefariki kabla sijaanza shule. Nyumbani hatumzungumzii sana. Akasema, "Ndivyo lilivyo. Siku ile lilitoka vilevile, na majirani walikwenda sokoni." Kisha akasema, "Aliyeandika haya alishazika."

Nikamwambia ndiyo. Mshairi Friedrich Rückert alifiwa na watoto wawili kwa ugonjwa katika majira ya baridi ya 1833 kuingia 1834, akaandika mashairi zaidi ya 400 na hakuyatoa kitabuni maisha yake yote. Mahler alichagua matano.

"Na huyu aliyetia sauti?"

Nikamweleza kwamba Mahler alipozimaliza mwaka 1904 hakuwa amefiwa na mtoto, alikuwa na mabinti wawili wadogo, wote hai. Lakini wadogo zake wengi walikufa utotoni, na Ernst, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, alifariki mwaka 1875. Kisha 1907 binti yake mkubwa, Maria, akafa kabla hajatimiza miaka mitano. Mama alinyamaza mpaka wimbo wa kwanza ukaisha. Akasema, "Rudisha mwanzo." Tulisikiliza zote tano. Wa mwisho ni dhoruba, na baada ya dhoruba unakuja wimbo wa kubembeleza, watoto wamelala kama wako nyumbani kwa mama yao. Mimi sijasikia kitu kilichoandikwa kwa upole kama ule. Vyombo ni vichache, hakuna anayepaza sauti, huzuni imeachwa ikae mahali pake.

Upande wa usikivu, semeni na majirani. Mahler anakwenda kutoka mnong'ono hadi ngurumo ndani ya dakika moja. Mwanzo wa Simfoni ya Kwanza unamezwa kabisa na pangaboi; ukiongeza sauti ili uusikie, matarumbeta yatakuja kukurusha kwenye kiti. Mimi nasikiliza baada ya saa tano usiku, feni imezimwa, na hedifoni zinazofunika sikio lote. Kwenye basi usijaribu. Simfoni ya Tatu inakaribia saa moja na dakika arobaini, kwa hiyo imegawanywa kwenye CD mbili, na kubadilisha katikati kunakata pumzi. Ukiwa na rekodi ya kupakua ni afadhali. CD mbili zangu zina mikwaruzo, moja inaruka kwenye Simfoni ya Tisa pabaya kabisa, karibu na mwisho ambako nyuzi zinazimika. Na yeyote atakayenunua lililotumika, aulize kwanza kama maneno ya nyimbo yamo.

*Das Lied von der Erde*, Wimbo wa Dunia, ni nyimbo sita za waimbaji wawili na okestra; ndani ya boksi ameuongoza Otto Klemperer na ni mzuri, Fritz Wunderlich anaimba kama mtu asiyejua kuchoka. Lakini nilinunua pia ule wa Bruno Walter wa mwaka 1952 pamoja na Kathleen Ferrier, na sasa nasikiliza huo. Walter alikuwa mwanafunzi na rafiki wa Mahler. Ndiye aliyeuongoza mara ya kwanza München, Novemba 1911, Mahler akiwa amefariki mwezi Mei. Ferrier alikuwa mgonjwa wa saratani aliporekodi, akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 41. Wimbo wa sita, wa kuaga, unachukua karibu nusu saa. Mwishoni anabaki na neno moja, *ewig*, milele, analirudia juu ya kinubi na mandolini, kila mara likiwa dogo zaidi, na huwezi kusema ni lini hasa limeisha.

Kwa sasa niko kwenye mwisho wa Simfoni ya Pili. Mahler alikwama nayo muda mrefu, mpaka alipokaa kwenye ibada ya mazishi ya mwongozaji Hans von Bülow huko Hamburg mwaka 1894 na kwaya ikaimba utenzi wa ufufuo wa mshairi Klopstock. Hapo akajua simfoni yake inamalizikaje. Kwaya inaingia kwa sauti ya chini mno, baada ya kelele zote, karibu bila chombo. Noti zake ziko huru, zinapatikana mtandaoni bila malipo. Nimenakili kile kipande kwa solfa na kukituma Machame kwa kikundi cha Baba. Alinipigia kesho yake: "Mwanangu, bemoli sita, nani atapuliza?" Tumekishusha mpaka ufunguo wa F, wenye bemoli moja tu. Wameshakipitia mara mbili, na tromboni ya pili bado inapotea kwenye mstari wa tatu.