Tahadhari: vifurushi vya kunyoosha mgongo kwa watoto wanaoumwa miguu usiku

Ndugu wazazi na walezi, naandika ili mwingine asipoteze fedha kama nilivyopoteza mimi, na zaidi ili mtoto wake asichezewe shingo bila sababu. Kuna kliniki hapa Dar es Salaam inayouza vipindi 24 vya kairopraktiki, yaani kunyoosha pingili za mgongo kwa mikono, kwa watoto wanaolia miguu usiku. Nililipa shilingi 1,200,000 kwa mkupuo, kwa kuwa niliambiwa punguzo linaisha siku ileile.

Mhudumu alimlaza binti yangu wa miaka sita kifudifudi, akamshika visigino, akanionyesha kuwa mguu wa kulia ni mfupi kwa sababu nyonga imepinda. Akambonyeza mgongo mara mbili, akashika tena visigino, miguu ikawa sawa. Niliamini, maana niliona kwa macho yangu. Baadaye nilijaribu mwenyewe kitandani nyumbani: ukivuta kisigino kimoja kidogo tu, mguu huo unaonekana mrefu, na ukiulegeza unaonekana mfupi.

Kipindi cha tatu alipotaka kumgeuza shingo kwa ghafla, mtoto alilia, nami nikakataa. Nchini Australia, baraza linalosimamia fani hiyo lilizuia mwaka 2019 kunyoosha uti wa mgongo wa watoto walio chini ya miaka miwili. Hapa kwetu nilikuta picha ya kichanga ukutani kama tangazo.

Daktari wa watoto alimtazama akitembea, akabonyeza miundi na magoti, akaagiza kipimo cha damu pamoja na cha selimundu, na majibu yalikuwa mazuri. Alinieleza kwamba maumivu ya ukuaji huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 12, huja jioni au usiku katika miguu yote miwili, na asubuhi mtoto huamka akikimbia kama kawaida. Siku hizi namkanda mashavu ya miguu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na analala.

Linaloniumiza hadi leo ni kwamba kule kliniki hakuna aliyeniuliza kuhusu homa, uvimbe, kuchechemea, kupungua uzito, au maumivu ya mguu mmoja tu yasiyoisha mchana. Dalili hizo zinaweza kuwa za selimundu, maambukizi ya mfupa au hata saratani ya damu, na mtoto mwenye ugonjwa kama huo angemaliza vipindi vyote 24 huku ugonjwa ukisonga mbele.

Nilipodai fedha za vipindi 21 vilivyobaki nilionyeshwa mstari mdogo chini ya risiti: "Malipo hayarudishwi." Kabla ya kulipa popote, ombeni cheti cha usajili cha Baraza la Madaktari Tanganyika au cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, msome jina lililoandikwa humo, na mkatae kulipia zaidi ya kipindi kimoja. Mimi niliomba cheti hicho baada ya kulipa, na sijaonyeshwa.