Ziara ya Fort Jesus: mwambieni mwongozaji aanze na Wamazrui

Mkienda Fort Jesus, Mombasa, msiingie bila mwongozaji. Mimi nilipatana bei na mmoja pale nje kabla hatujaingia, na kwa jumla nimeridhika. Mzee wa Mji wa Kale, Kimvita chake kitamu, na maswali hayakumchosha.

Lawama yangu ni moja: Wareno wamemla muda mwingi mno. Sawa, ngome walianza kuijenga mwaka 1593, na Waomani wakawatoa mwaka 1698 baada ya kuwazingira karibu miaka mitatu. Hayo tumeyasoma tangu shule ya msingi. Mimi nilifuata maliwali, yaani magavana, wa ukoo wa Kimazrui, walioishika Mombasa kwa takriban karne nzima, na mpaka nikamwomba ndipo akawagusa.

Na alipowagusa, alichangamka. Muhammad bin Uthman, liwali aliyewekwa na Oman, alikataa kumtambua Ahmad bin Said aliyeshika utawala huko mwaka 1741. Basi akatumiwa watu waliojifanya marafiki, wakamuua. Nduguye Ali akatoroka kifungoni, akakusanya watu, akaikomboa ngome.

Kisa kilichonikaa zaidi ni cha Abdallah bin Ahmad. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alingoja kodi kutoka Mombasa. Liwali akampelekea deraya (vazi la chuma la vita), baruti kidogo na kibaba. Kodi hakuna, ukitaka vita karibu. Huo ndio mji wa mshairi Muyaka bin Haji, hata siasa yao ni fumbo! Wakajaribu kujikinga kwa bendera ya Waingereza mwaka 1824, lakini ulinzi huo haukudumu hata miaka mitatu. Mwaka 1837 Seyyid Said akaichukua Mombasa, na wakuu wa Wamazrui wakapakiwa jahazini kama wafungwa kupelekwa Ghuba.

Kwa makadhi ndiko alikopwaya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na akafariki mwaka 1947, alimtaja kwa sentensi mbili akapita. Na ndiye aliyeandika tarikhi ya ukoo huo! Bila kalamu yake, mengi ya hao maliwali tungeyapata kwa maafisa wa Kizungu tu.

Nampa nyota nne. Nendeni asubuhi, kwani uwanja wa ndani hauna kivuli cha kutosha, na mambo ya Wamazrui yatajeni mapema, wakati bei bado inajadiliwa.