Star Trek ya 2009: Uhura Alipopata Jina la Nyota

Filamu hii nimeitazama mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa juma lililopita, pamoja na mpwa wangu, binti wa dada yangu mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, ambaye hakuwa ameona hata sehemu moja ya mfululizo wa zamani wa televisheni. Ni yeye aliyenifanya niandike, kwa kuwa maswali yake yalinionyesha mambo ambayo mimi, kwa kuizoea, nilikuwa nimeyapita tu. Nitayataja matukio makubwa ya hadithi bila kuyaficha.

Mfululizo ulioanzishwa na Gene Roddenberry ulionyeshwa nchini Marekani kuanzia mwaka 1966 hadi 1969, ukiwa na sehemu 79, nami niliujua kwa kanda za video za mjomba wangu, ambazo tulizirudia hadi picha zikaanza kufifia. Kwangu mimi Spock, afisa wa chombo mwenye asili ya sayari ya Vulcan, alikuwa mwigizaji Leonard Nimoy na hakuwa mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo niliposikia kwamba J.J. Abrams anaongoza filamu inayorudi kwenye ujana wa Nahodha Kirk na Spock, na kwamba waigizaji wote wa chombo cha angani cha Enterprise watakuwa wapya, nilihuzunika, nikidhani kwamba kile nilichokipenda kitafutwa ili watu wengine wauziwe kitu kipya chenye jina lile lile.

Sivyo ilivyokuwa, na sababu imo ndani ya hadithi yenyewe. Nero, nahodha wa Waromulan, jamii ya sayari nyingine, anayetoka mwaka 2387, anatupwa nyuma hadi mwaka 2233 na kukishambulia chombo cha Kelvin saa ile ile ambayo mke wa afisa mmoja wa chombo hicho yumo katika uchungu wa kumzaa James Kirk. Kuanzia hapo historia inashika njia nyingine, na lolote linalofuata linaweza kutofautiana na tulilolijua bila kulikanusha. Historia ya zamani imebaki mahali pake, na shahidi wake ni Spock mzee, ambaye Nimoy mwenyewe anamwigiza akiwa ametoka huko. Naiona hii kuwa heshima kubwa kwa watazamaji wa zamani, kwa sababu waandishi Roberto Orci na Alex Kurtzman wangeweza kuanza upya bila kueleza chochote.

Sehemu ya Kelvin ndiyo bora kuliko zote. George Kirk, baba yake James, anashika unahodha kwa dakika kumi na mbili tu, na katika dakika hizo anawaokoa watu mia nane, akiwamo mkewe na mtoto ambaye hatamwona kamwe. Ukuta wa chombo unapopasuka na mmoja wa mabaharia kunyonywa nje, kelele zote zinakatika ghafla, kwa kuwa angani hakuna hewa ya kubeba sauti. Baadaye, George anapokielekeza chombo kikamgonge adui, milio ya vita inafifia na muziki wa Michael Giacchino unashika nafasi yote, huku yeye na mkewe wakitafuta jina la mtoto kwa redio. Mpwa wangu alilia. Nami pia, kwa mara ya nne.

Ninalotaka kulisema zaidi ya yote linamhusu Uhura, afisa wa mawasiliano wa Enterprise. Jina hilo, kama msomaji wa Kiswahili anavyoweza kuhisi, lilitokana na neno uhuru, likabadilishwa irabu ya mwisho ili liwe laini zaidi masikioni mwa Wamarekani, na Nichelle Nichols, aliyemwigiza kwa mara ya kwanza, aliisimulia habari hiyo mara nyingi. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka arobaini, katika televisheni na katika filamu, hakuna aliyewahi kutamka jina lake la kwanza. Vitabu vilimwita Nyota, lakini skrini ilinyamaza. Filamu hii imelifanya pengo hilo kuwa sehemu ya hadithi: Kirk kijana anamuuliza jina baani huko Iowa, anaambiwa Uhura tu, na miaka inapita bila yeye kuambiwa zaidi. Kisha, wakiwa karibu kuondoka kwenda kwenye chombo cha Nero, Spock anamuaga kwa kumwita Nyota, na Kirk aliyesimama kando anasikia.

Mpwa wangu aliketi wima. "Mjomba, amesema nyota?" Nilirudisha nyuma akasikiliza tena, kisha akataka kujua kama mwanamke huyo ni wa kwetu.

Ndiyo maana naumia kwamba filamu haikumpa kazi inayolingana na jina. Mwanzoni Zoe Saldana amepewa Uhura mwenye uwezo halisi: ndiye aliyenasa ujumbe kuhusu kuangamizwa kwa vyombo 47 vya Waklingon, jamii nyingine ya angani, ndiye anayezijua lahaja zote tatu za Kiromulan, na bila ushahidi wake Kirk asingeaminiwa alipoonya kwamba Enterprise inaelekea mtegoni. Baada ya hapo anageuka kuwa mfariji wa Spock. Sikatai mapenzi yao, na lile tukio la kwenye lifti baada ya Spock kumpoteza mama yake limeigizwa kwa utulivu unaogusa moyo, lakini mtaalamu wa lugha alistahili angalau tukio moja zaidi ambalo lugha ndiyo ingeliamua.

Zachary Quinto, kama Spock kijana, ananishawishi kikamilifu. Sayari ya Vulcan inapoangamia na Spock kukadiria kwamba waliosalia hawazidi elfu kumi, uso wake hauonyeshi kitu, ilhali sauti yake imepungukiwa na pumzi. Karl Urban naye, kama Daktari McCoy, amemrudisha yule wa zamani bila kumwiga kikasuku.

Kasoro zipo, na si ndogo. Nero ana kisa kizito, kwani sayari yake na mkewe mjamzito viliteketea, lakini kisa hicho tunasimuliwa upesi upesi ndani ya kumbukumbu za Spock mzee, hata mpwa wangu akaniuliza yule bwana alikuwa amekasirikia nini hasa. Kirk kutupwa kwenye sayari ya barafu na kumkuta Spock mzee katika pango lile lile alilokimbilia ni sadfa ambayo sikuweza kuikubali hata mara moja. Mwanafunzi kupanda hadi unahodha kamili ndani ya safari moja pia kunapunguza uzito wa cheo hicho. Aidha, miale ya taa inayopiga kwenye lenzi imezidi kipimo na wakati mwingine inaficha nyuso nilizotaka kuziona.

Kwa wanaotaka kuitazama na familia: ina urefu wa dakika 127, yapo mandhari mafupi ya bweni yenye wahusika wakiwa na nguo za ndani, na lipo tukio la mdudu kuingizwa mdomoni mwa Pike, nahodha wa Enterprise kabla ya Kirk, ambalo mtoto mdogo hatalisahau. Diski niliyonunua haikuwa na maandishi ya Kiswahili, hivyo nilifasiri mwenyewe palipokuwa na maneno mazito.

Mwishoni sauti ya Nimoy inasoma yale maneno ya ufunguzi wa zamani, na muziki wa mwaka 1966 unafuata. Mpwa wangu hakuinuka. Aliomba tuanze mfululizo wenyewe usiku ule ule, nami nikamwekea sehemu iliyorushwa tarehe 8 Septemba 1966, ambamo mtu asiyemfahamu anamkaribia Uhura kwenye ujia wa chombo na kumsemesha kwa Kiswahili.