Digrii ya biashara ya jioni huku una duka: uzoefu wangu hapa Dodoma

Naandika hii kwasababu wafanyabiashara wenzangu wa huku Ilazo wameniuliza mpaka nimechoka, eti mama shule inalipa? Jamani masomo yanalipa, ratiba ndo inaua. Nina duka la nafaka na mafuta ya alizeti, huu mwaka wa saba, na niko mwaka wa pili wa digrii ya utawala wa biashara, darasa la jioni. Chuo sikitaji, Dodoma vyuo vipo kibao, CBE, UDOM, Mipango, St. John's, hata Chuo Kikuu Huria wana kituo hapa, kwaiyo msianze kubashiri.

Niliingia na diploma yangu ya zamani, wanataka GPA isipungue 3.0 mi nilikuwa na 3.1, niliponea chupuchupu. Ada ni milioni 1.4 kwa mwaka, unalipa kwa awamu, hapo sina neno.

Sasa ratiba. Vipindi ni saa 11 na nusu jioni mpaka saa 2 na nusu usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa, na mtu yeyote mwenye duka la mtaani anajua huo ndo muda wenyewe wa hela, watu wanarudi toka Mtumba kwenye ofisi za serikali wanashuka kituoni wanapita kununua unga na mafuta ya usiku, na mi ndo nakuwa kwenye bodaboda naelekea chuo. Duka namwachia binti. Muhula wa kwanza mauzo ya jioni yalishuka nikadhani binti ananiibia, kumbe masikini wateja walikuwa wanakuja kwa ajili ya kukopa kwangu na yeye nilimkataza kukopesha. Darasani kwetu wengi ni waajiriwa, wao wakimaliza wanapanda daraja kazini. Mi nimpandishe nani cheo, mwenyewe?

Na kitu kilichonikera kuliko vyote, ofisi ya malipo ya chuo inafungwa saa 9 na nusu alasiri. Wanafunzi wa jioni tunafika saa 11. Yani ukitaka kontrol namba au matokeo yako ya koswek (zile tesiti na kazi za muhula) hayaonekani kwenye mfumo inabidi ufunge duka asubuhi uende, ukifika unaambiwa anayehusika katoka, njoo kesho. Mi nimeenda mara 4 kwa tesiti moja tu ambayo niliifanya na kila mtu aliniona, mpaka nikakaa kwenye kimbweta nje ya ofisi na daftari langu la madeni nikapiga hesabu zangu hapo hapo nikimsubiri.

Haya tuje kwenye uzuri, maana upo na ni mkubwa. Somo la gharama. Lekchara alisema kila mtu achukue bidhaa moja anayoijua aivunje gharama zote mpaka ya mwisho, nikasema ah mi mafuta ntamaliza dakika 5. Dumu la lita 20 nalichukua mashineni Kizota kwa 90,000, nauza lita 5,000, kwaiyo laki moja, faida elfu 10. Ndivyo nilivyokuwa najua miaka yote. Akaniuliza, lita 20 zote unauza? Nikanyamaza. Mafuta ya kukamua wenyewe mnayajua, ukiliacha dumu siku 2 chini kunatulia mashapo, na mteja ukimpimia yale mashapo harudi tena, kwaiyo kwa kila dumu karibu lita nzima inabaki chini. Basi ni lita 19, yani 95,000. Chupa tupu 19 kwa 200 ni 3,800. Bajaji toka Kizota ukiigawa ni 1,000 kwa dumu. Inabaki shilingi 200! Na hapo bado kodi ya pango, bado binti, bado umeme. Nilikaa pale darasani natoka jasho na ilikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba si mnaujua.

Kumbe nilikuwa nalelewa na mchele. Mafuta yalikuwa yananitembeza tu Kizota na kurudi.

Changamoto nyingine ni lugha, lekchara anafundisha kwa Kiingereza akiona tumemtolea macho anarudia Kiswahili, vizuri, ila mtihani ni Kiingereza kitupu. Kwenye UE, yani mtihani wa mwisho wa muhula, lilikuja swali la upotevu wa malighafi nikaandika mfano wangu wa dumu, neno la Kiingereza la mashapo likagoma kuja nikaandika mashapo hivyo hivyo. Nilipata sapu, yani kurudia mtihani. Siyo kwa ajili ya hilo tu lakini najua lilichangia.

Somo la kodi nalo usilikimbie hata kama linachosha. Kwa viwango tulivyofundishwa, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 mpaka 7 kwa mwaka kama hana kumbukumbu za mauzo analipa 100,000, ila akiwa nazo analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Jirani yangu wa genge mauzo yake kwa mwaka ni kama milioni 5, yani daftari tu la 1,500 linamtoa kwenye laki na kumleta 30,000. Nilimfungulia mwenyewe na kila jioni naambiwa anaandika, isipokuwa Jumapili.

Kwaiyo nyota ngapi? Masomo nayapa 4, huduma za chuo 1 na hiyo moja ni ya yule mama wa maktaba. Kama una duka na chuo chako kina darasa la wikiendi chukua la wikiendi, usidanganyike na la jioni eti mchana uko huru.

Mafuta siku hizi nayaacha yatulie siku 3 na nauza 5,500. Kuna mteja mmoja kanuna, kahamia duka la pili bado lita ni 5,000, na mashapo anayapata huko huko.