Huduma ya kupiga kura Kaunti ya Marsabit: kinachofanya kazi na kinachokwama

Uchaguzi mkuu ni huduma ya umma kama ilivyo zahanati au ofisi ya ardhi, na anayehudumiwa ana haki ya kuikagua. Kipimo kipo tayari: Ibara ya 86 ya Katiba ya Kenya inataka mfumo wa kupiga kura uwe rahisi, sahihi, unaothibitishika, salama, wa kuwajibika na wa uwazi. Hapa tunautumia kipimo hicho kwa Marsabit, tukiangalia uchaguzi wa 9 Agosti 2022 na utaratibu ambao mpiga kura wa kijijini atakutana nao tena 10 Agosti 2027, iwapo sheria haitabadilishwa.

Marsabit ina maeneo bunge manne, yaani Moyale, Saku, Laisamis na North Horr, yenye wadi 20 kwa jumla. Aliye kando ya barabara kuu ya Isiolo hadi Moyale ana lami, mtandao wa simu na matatu. Aliye Dukana, Illeret au Loiyangalani ana mawe, mchanga wa Chalbi na upepo wa ziwani. Agosti ni kiangazi huko, na wafugaji wengi huwa wamehama na mifugo kufuata maji. Wote hao sheria inawapa huduma ileile, siku ileile, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tuseme mapema tulivyoiona: upande wa karatasi wa huduma hii ni mzuri sana, mashine inaridhisha pale tu msimamizi anapojua la kufanya ikigoma, na usiri wa mpiga kura asiyejua kusoma bado haujalindwa inavyopaswa.

Tuanze na kitambulisho, kwa sababu wengi huishia hapo. Kinachotakiwa kituoni ni hati halisi uliyojiandikishia, ama kitambulisho cha taifa ama pasipoti. Fotokopi haikubaliwi, na karatasi ya kusubiria kitambulisho haikubaliwi pia. Kwa watu wa kaskazini jambo hili lina uzito wake, maana kwa miaka mingi walipitishwa kwenye uchunguzi wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, utaratibu ambao Rais alitangaza kuuondoa mwaka 2025. Halafu kuna vitambulisho vinavyowekwa rehani dukani kwa deni la unga na sukari. Mwenye duka akifunga na kusafiri siku ya uchaguzi, mteja wake hapigi kura. Kikomboe mapema.

La pili ni kituo chenyewe. Kura ya Kenya haipigwi popote ulipo, inapigwa kwenye kituo ulichojiandikisha. Aliyejiandikisha Kalacha akiwa amepeleka ngamia upande wa Turbi hana njia nyingine ila arudi Kalacha. Kuhamisha kituo kunaruhusiwa, lakini lazima kufanywe wakati wa uandikishaji, kabla sajili haijafungwa. Kwa jamii zinazohamahama, hili ndilo pengo kubwa lililoko kabla ya siku yenyewe, na hakuna karani mwenye mamlaka ya kuliziba asubuhi ya kupiga kura. Familia zinazojua kalenda ya malisho yao hujiandikisha pale wanapokuwa Agosti, hata kama nyumbani kwa mwaka mzima ni kwingine. Ndiyo njia ya busara.

Ukifika kituoni, karani wa foleni hukagua hati yako na kukuelekeza chumba. Kituo kimoja hakiruhusiwi kuzidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule yenye watu wengi hugawanywa vyumba kadhaa kwa herufi za majina, na orodha hubandikwa mlangoni. Wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga na wenye ulemavu hutangulizwa. Hawahitaji kuomba, lakini karani akizubaa, semeni.

Ndani kuna kifaa cha KIEMS, kishikwambi chenye sehemu ya kusomea alama za vidole. Karani huingiza kitambulisho, wewe unaweka kidole, picha na maelezo yako yanatokea. Sasa fanyeni hesabu. Saa 11 ni dakika 660. Kituo kikiwa na watu 700 na wote wakajitokeza, kila mmoja ana chini ya dakika moja mbele ya kifaa hicho kimoja. Vituo vingi vya vijijini vina watu wachache kuliko hao, na hiyo ndiyo nafuu yao. Lakini kidole cha mtu aliyechota maji kisimani kwa kamba miaka 40 kimeshalika mistari, na vumbi likiingia juu yake kifaa hakioni kitu. Kinachosaidia ni kufuta kidole kwa kitambaa kikavu, kufuta kioo cha kifaa pia, kisha kujaribu kidole kingine. Karani akibonyeza kidole kilekile mara sita mfululizo anachelewesha foleni bure.

Vidole vyote vikikataa, safari haijaisha. Karani hutafuta kwa namba ya kitambulisho, na ukipatikana, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 32A mbele ya mawakala wa wagombea, kisha unapewa kura zako. Hii si fadhila, ni utaratibu uliowekwa. Mpiga kura anayeambiwa “mashine imekukataa, nenda nyumbani” aitaje fomu hiyo kwa jina na aombe kuonana na msimamizi. Kifaa kikifa kabisa na cha akiba kisipatikane, kuna sajili iliyochapishwa. Mwaka 2022 baadhi ya vituo vya Kakamega na Makueni viliishia huko, baada ya watu kusimama kwa muda mrefu wakingoja idhini ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Kilichokwama pale ni mashine, ndiyo, lakini kilichowachosha watu ni kungoja amri kutoka juu huku sajili imefungiwa. Kwa kituo kilicho mbali na makao ya eneo bunge na kisicho na mtandao, kungoja huko kunaweza kumeza asubuhi nzima. Kwenye kipengele hiki tunaipa huduma alama za wastani tu.

Baada ya hapo unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Kila moja igongwe muhuri wa tume kabla ya kukabidhiwa. Tazama huo muhuri ukiwa bado mezani, kwa sababu karatasi isiyo na alama rasmi hukataliwa wakati wa kuhesabu na wewe hutakuwepo kujitetea. Rangi husaidia sana: nyeupe ni ya rais, bluu ya gavana, njano ya seneta, kijani ya mbunge, nazo mbili zilizobaki zina rangi zao, na vifuniko vya masanduku hufuata rangi hizohizo. Masanduku yenyewe ni ya plastiki inayoonyesha ndani. Karatasi ikitumbukia kwenye sanduku lisilo lake, usumbufu wake utaonekana usiku.

Alama ni moja kwa kila karatasi. Tiki, mkasi (X) au dole gumba, vyote vinafaa, na hata ikitoka kidogo nje ya kisanduku haikataliwi iwapo inaonekana wazi umemchagua nani. Kinachoua kura ni kuchagua wawili, kuacha tupu, au kuandika jina lako au kitu kinachokutambulisha. Anayetumia dole gumba ana hatari moja zaidi ambayo watu hawaambiwi: akikunja karatasi juu kwa chini wino ukiwa mbichi, alama hujichapa kwa mgombea mwingine. Wagombea wamepangwa kwenda chini, basi kunja upande kwa upande, ili wino ukihama ubaki kwenye mstari wa mtu yuleyule. Ukikosea, usiitumbukize. Irudishe kwa msimamizi, aifute rasmi na akupe nyingine. Mwaka 2022 kura za rais zilizokataliwa nchini zilikuwa 113,614, na tofauti kati ya William Ruto na Raila Odinga ilikuwa 233,211. Kwa namba kama hizo, kukunja vizuri si jambo la kudharau.

Kabla ya kutoka, kidole kinapakwa wino usiofutika na unarudishiwa kitambulisho. Hapo kazi yako imekwisha.

Karatasi hizo zina kasoro yake pia, nayo haiko mikononi mwa karani. Zilichapwa Ugiriki, na mwaka 2022 kura za ugavana wa Mombasa na Kakamega na za ubunge wa Kacheliba, Pokot South, Rongai na Kitui Rural zilibainika kuwa na makosa au matatizo, uchaguzi huo ukasogezwa hadi 29 Agosti. Kacheliba na Pokot South ni vijijini hasa. Mtu aliyetembea nusu siku akapewa karatasi tano badala ya sita, halafu akaambiwa arudi baada ya wiki tatu, ametozwa nauli mara mbili kwa kosa la kiwandani. Pale Eldas, Wajir, upigaji kura wote ulisogezwa siku moja kwa sababu ya vurugu.

Sasa tufike kwenye kinachotuuma zaidi. Sheria inamruhusu asiyejua kusoma au mwenye ulemavu asaidiwe na mtu mzima anayemwamini. Msaidizi huyo hula kiapo cha kutunza siri kwa Fomu 32, na anaruhusiwa kumsaidia mtu mmoja tu. Vizuri. Lakini asiyekuja na mtu husaidiwa na msimamizi wa kituo, mbele ya mawakala wa wagombea. Nia ilikuwa kumzuia msimamizi asiibe kura. Matokeo yake ni kwamba bibi wa Kirendille au Kigabra anaulizwa anamtaka nani, anajibu kwa sauti, na wakala wa ukoo wa pili, ambaye kesho watakutana kisimani, amesikia. Baadaye hawezi kudai kwamba kura yake ni siri. Kwenye kaunti ambako siasa hufuata koo, hili si jambo dogo, na hakuna mafunzo ya siku mbili ya makarani yatakayoliondoa bila utaratibu kubadilika.

Kwa sasa zipo njia mbili za kujikinga. Ya kwanza ni kuja na msaidizi wako kutoka nyumbani, kijana wa familia anayesoma, si mtu aliyekuokota langoni na kujitolea kwa bidii ya ajabu. Anayezunguka foleni akitafuta wazee wa “kuwasaidia” amevunja sheria akifika kwa mtu wa pili. Ya pili ni bora zaidi: karatasi ya kura ina picha ya mgombea na alama ya chama, au alama binafsi kwa mgombea huru. Anayezijua alama za watu wake sita hahitaji kusoma hata herufi moja, na anaweza kuingia kibandani peke yake. Elimu ya mpiga kura Marsabit ingefaa ianze hapo, kwa lugha za watu, ikiwa na mfano wa karatasi yenyewe mkononi. Mabango ya Kiingereza kwenye ukuta wa ofisi ya chifu hayamfikii mtu huyo. Na msimamizi anayelazimika kusaidia amwache mpiga kura aonyeshe kwa kidole, asimwulize kwa sauti. Mawakala wataona alama ikiwekwa, lakini angalau foleni nzima haitasikia.

Usiku ndipo huduma hii inapong'aa. Kura huhesabiwa palepale kituoni, kuanzia ya rais. Msimamizi husoma namba za lakiri, hukata, humwaga, huinua karatasi moja moja mawakala waione, hutaja jina. Jumla huandikwa kwenye Fomu 34A, mawakala hutia sahihi na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa mlangoni hapohapo. Baada ya mahakama kuamua mwaka 2017 kwamba matokeo yaliyotangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho kwa eneo hilo, karatasi ile ya mlangoni imekuwa mhimili wa kila kitu. Mwaka 2022 picha za Fomu 34A kutoka vituo 46,229 ziliwekwa hadharani kwenye tovuti ya tume, karibu zote ndani ya siku chache. Mtu wa Maikona angeweza kulinganisha picha hiyo na ile ya mlangoni aliyoipiga kwa simu yake. Huo ndio uthibitisho ambao Ibara ya 86 inautaka, na ni wachache duniani wanaoupata kwa urahisi huo.

Mtandao ndio unaosumbua. Mwaka 2017 vituo 11,155 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa 3G au 4G. Mwaka 2022 vituo visivyofikiwa vilipangiwa modemu za setilaiti, na hatua hiyo ilionekana. Bado modemu huhitaji betri yenye chaji na anga wazi, si pembe ya darasa lenye paa la mabati. Msimamizi akitoka nayo uwanjani, mawakala watoke naye.

Anayepita mlangoni asubuhi ya Jumatano, siku inayofuata kura, apige picha ya Fomu 34A ikiwa nzima, kona zote nne zionekane pamoja na sahihi na sehemu ya maoni ya mawakala. Upepo wa Loiyangalani huing'oa kabla ya saa sita.